Mfalme Ampa Kisogo Mama Mkwe

Tuliachana pale shela linapofunuliwa. Wiki nzima mmenisimamisha sokoni, mimi nimeshika mfuko wangu wa dagaa, mnanidai: "Malkia ni nani? Tuambie tu sisi!" Sikumwambia mtu. Mke wangu mwenyewe kaninunia hadi leo.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, mambo yalikuwa hivi. Kasimiri, fundi baiskeli wa Magamba aliyetupa spana akaingia kwenye maigizo, alikuwa jukwaani ndani ya ghala la zamani la tumbaku, Makanyagio, hapa Mpanda, Jumapili mchana. Yeye ndiye mfalme katika Hukumu ya Mfalme Lubeja, mchezo ambao wanafunzi wa misheni wameucheza tangu babu zetu wakivaa kaptula. Jeniffer, malkia wa mazoezi yote, alikuwa ametoroka na treni ya asubuhi.

Mwalimu Gervais wa Katumba, kule makazi ya wakimbizi, mkuu wa kikundi, akasema usijali, nimepata malkia mwingine, maneno yote anayo kichwani. Akamfunika shela zito, akamsukuma jukwaani bila kumtambulisha kwa mtu yeyote.

Na msisahau kiapo. Kasimiri aliapa mbele ya wakwe zake kwamba mchezo huu ukivunjika, mkewe Theopista, na mimba yake ile kubwa, anarudi kwao Kasekese siku hiyo hiyo. Lori la kumrudisha lilikuwa limeegeshwa nje. Kifurushi cha Theopista kilikuwa miguuni pake, benchi la mbele.

Basi shela likafunuliwa.

Alikuwa Pelagia. Mama mzaa Theopista. Mama mkwe wake Kasimiri, mwenyewe kabisa, kasimama mbele yake kavaa gauni la malkia na shanga za kukodi.

Sasa nani asiyejua mambo yetu? Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawaketi jamvi moja, hawachovyi chombo kimoja. Akimwona njiani anachepuka porini, hata kama porini kuna nyoka. Kasimiri alikuwa ameoa miaka kadhaa, na kama ungemwuliza mama mkwe wake ana pua ya namna gani, asingekujibu.

Leo alikuwa anaiona ile pua. Na ilikuwa imepanuka kwa hasira.

Kasimiri alifanya kile ambacho mwili wake ulifundishwa. Aligeuka. Akampa malkia kisogo, akakodolea macho ukuta wa mabati.

Upande wa pili wa barabara jenereta la kibanda cha video liliunguruma, wale jamaa wa filamu za mateke wakipigana bila kuchoka, na watu wetu mlangoni walikuwa wanapima kama wabaki au wahamie huko.

Mara makofi yakalipuka.

"Huyo ndiye mfalme!" mtu akapiga kelele nyuma. "Hasira mpaka mgongoni!"

Walidhani ni mchezo! Walidhani Lubeja kamkasirikia mkewe hata hataki kumtazama. Waliokuwa mlangoni wakarudi ndani.

Pelagia hakuyategemea makofi. Huyu mama hakuja kusaidia kikundi, msidanganyike. Alipoigiza umalkia huu akiwa msichana wa bweni kwa masista, aliujifunza mchezo wote, na alijua vizuri mkwewe atafanya nini akimwona. Atakimbia. Atatimua mbio mbele ya mji mzima, mchezo utavunjika, na yeye atampandisha binti yake kwenye lori kabla jua halijazama. Aliyepanga mtego ule ni mwanamke aliyechoka kuona mwanawe anateseka, na mtu wa namna hiyo hana huruma.

Akazunguka kiti cha enzi ili amkabili uso kwa uso.

Kasimiri akageuka upande wa pili.

Pelagia akazunguka tena. Kasimiri naye. Mkwe mbele, mama nyuma, kiti katikati, taji la debe likimchezacheza mfalme kichwani. Ukumbi ulivunjika mbavu.

"Kasimiri!" Gervais akanong'ona kwa ukali kutoka nyuma ya pazia. "Simama! Sema maneno yako!"

"Siwezi!"

"Huwezi nini? Umeyasahau?"

"Ni mama mkwe!"

"Nani?"

"Huyo uliyemleta! Ni mama yake Theopista!"

"Mabukwe wako?" Pazia likatikisika maana Mwalimu alikuwa ameliegemea. "Mana yanje! Mungu wangu! Mimi nimemtoa kwaya. Wanamwita Mama Deo. Ningejuaje?"

"Ungeuliza!"

Ni kweli, angeuliza. Lakini huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini, na Deo, mtoto wa kwanza, anaishi mbali. Gervais alikuwa anawajua Mama Deo wa kwaya na Kasimiri wa spana. Hakuna aliyemwambia kwamba kati yao kuna ndoa.

"Sema chochote!" Gervais akabweka. "Watu wanaondoka!"

Sasa Kasimiri, pamoja na makosa yake yote, si mjinga. Akiwa amebana macho yake ukutani, akakumbuka jinsi mkwe anavyozungumza na mama mkwe pale panapokuwa na lazima. Anamtafuta mtu wa katikati. Anamwambia huyo, na huyo anamwambia mama, hata kama wote wamo chumba kimoja.

Na pembeni ya jukwaa alikuwepo Celestin.

Celestin alikuwa askari wa mfalme. Katika mchezo mzima alikuwa na neno moja tu, "Naam, mtukufu," na hata hilo Gervais alimpa kwa shingo upande kwa sababu kijana alikuwa na mkuki wake mwenyewe.

"Askari!" mfalme akanguruma.

"Naam, mtukufu!"

"Mwambie Malkia Mwasiti kwamba habari zake zimenifikia."

Celestin akamtazama malkia. Alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa mkuki. "Lakini mtukufu, si anakusikia? Yupo hapo."

"Mwambie!"

Celestin akatupa jicho kwa mama, kwa kisogo cha Kasimiri, kwa mama tena. Ndipo akaelewa, maana kwao Katumba nako wakwe ni wakwe. Akavimba kifua. Akavuka jukwaa kwa hatua za paredi, akainama.

"Malkia, mfalme anasema habari zako zimemfikia."

Watu wakashangilia. Hawakuwahi kuona mfalme mwenye kiburi cha namna ile, mfalme asiyejishusha hata kumsemesha mkewe. Gervais akashusha pumzi. Mchezo ulikuwa umepona!

Ungepona hasa kama Pelagia angesema maneno yaliyoandikwa. Malkia alitakiwa aseme, "Bwana wangu, mimi sina hatia." Pelagia akamkazia macho Celestin.

"Mwambie mfalme, kabla hajavaa taji la bati aezeke nyumba yake kwanza. Mvua ikinyesha mwanangu analala ameshika sufuria."

"Hilo pia nimwambie, mama?"

"Hilo hasa."

Celestin akarudi na hatua zake za paredi, akafikisha ujumbe neno kwa neno. Mabenchi ya nyuma wakadhani ni utani wa mchezo wakacheka. Benchi la mbele hawakucheka. Pale walikaa watu wa Magamba na watu wa Kasekese, na walijua nyumba inayosemwa ni ipi. Theopista akainamisha kichwa.

Kasimiri shingo ilimsimama mishipa. Akasahau maneno ya Lubeja.

"Askari! Mwambie malkia, nyumba hiyo hiyo anakuja kila mwezi kuhesabu matundu, na hajawahi kuja na msumari!"

"Malkia, mfalme anasema..."

"Nimesikia! Mwambie misumari ni kazi ya mwanamume. Kama mwanamume yupo."

Ukumbi ukafanya "Oooh!"

"Mwambie mwanamume yupo, ila kila akitaka kuinua kichwa kuna mtu kutoka Kasekese anamkanyaga!"

"Mwambie kichwa chenyewe kimejaa unga wa kujipaka!"

Celestin hakuwa anatembea tena, alikuwa anakimbia, mkuki begani, jasho likimtiririka. Naye, mwenye neno moja tu, sasa alikuwa ndiye msemaji mkuu wa mchezo, na naapa alianza kuongeza chumvi. "Malkia, mfalme anasema una ulimi wa kuchongea mitumbwi!" Kasimiri hakusema hivyo hata kidogo.

Katikati ya vurugu hiyo mzee Gaspar akaingia.

Gaspar ni mumewe Pelagia, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache na fimbo ya mpingo. Alikuwa nje anazungumza na dereva wa lori. Hakujua lolote. Akaingia akitafuta pa kukaa, akainua macho, na kumwona mkewe jukwaani na shanga shingoni akiwa mke wa mkwe wao.

"Pelagia!" Fimbo ikagonga sakafu. "Unafanya nini na mume wa mwanao?"

"Kaa chini, mzee, unatuziba!" wakamzomea.

"Mwache, na yeye ni mwigizaji! Tazama alivyokasirika, kama kweli!"

Wakampigia makofi. Gaspar, ambaye maishani mwake hajawahi kupigiwa makofi na mtu, alisimama pale akiikaba fimbo yake. Gervais akaona hapo hapo pa kukatia. Akafunga pazia.

Ngojeni niwaambie yaliyotokea nyuma ya pazia, maana huko hakukuwa na makofi.

Kasimiri alisimama amegeukia magunia. Pelagia alikaa juu ya kreti la soda, anajipepea na shela. Celestin katikati yao. Gaspar akaingia kwa mlango wa nyuma, fimbo mbele.

"Vua hayo madude twende," akamwambia mkewe.

"Mchezo haujaisha."

"Nasema vua!"

"Baba Deo, subiri. Bado kidogo tu nakukabidhi binti yako."

Gaspar akamwacha, akamgeukia mwalimu. "Nyie watu wa sanaa, huo mwisho wa mchezo ukoje?"

Gervais akakohoa. Alijaribu kukwepa. "Ni mwisho mzuri, mzee. Mfalme anatambua kwamba alimwonea malkia. Anaomba msamaha."

"Anaombaje?"

"Anapiga magoti."

"Halafu?"

"Malkia anachovya kidole kwenye asali." Sauti ya Gervais ilizidi kushuka. "Na mfalme anailamba."

"Kidole cha nani?" Gaspar akauliza.

"Cha malkia."

Mzee akamsogelea Kasimiri hadi fimbo ikamgusa mgongoni. "Mkwilima, mkwe wangu, nisikilize. Nilikupa binti yangu kwa heshima. Ukilamba kidole cha mke wangu mbele za watu, huna mke tena, na mimi sina tena mkwe. Mtu halambi kidole cha mama mkwe kisha akarudi kulala na binti yake. Namchukua leo hii."

"Na asipolamba, mzee," Gervais akasema kwa uchungu, "mchezo umevunjika."

"Na mchezo ukivunjika kiapo kinasimama," Pelagia akadakia. "Tunamchukua leo hii."

Mmeona? Kasimiri alambe, mke anakwenda. Asilambe, mke anakwenda. Nimeona mitego ya ngiri kule mbugani yenye huruma kuliko hiyo.

Kasimiri alipaza sauti huku ameyaelekea magunia. "Celestin, muulize mama nimemkosea nini mpaka anichukie hivi."

"Mama, anauliza..."

"Usimjibu wewe. Nitamjibu mwenyewe." Pelagia alisimama. Kwa mara ya kwanza alimsemesha mkwewe bila mtu wa katikati, na sauti haikuwa ya malkia. "Baiskeli zilikuwa zinawalisha. Ukaziacha. Mwanangu alikuja kwangu masika haya kavimba miguu, kapanda magari mawili peke yake na mimba, kwa sababu wewe ulikuwa mazoezini unajifunza kulia. Watu wa Mpanda wote wanayajua machozi yako. Ya kwake umeyaona lini?"

Hapo mimi mwenyewe nilimwelewa yule mama, ingawa simpendi.

"Mama, nikiwa kwenye spana hakuna anayejua kama nipo," Kasimiri akasema taratibu. "Hapa juu watu wananiona."

"Basi leo watakuona."

Nje watu wakaanza kupiga miguu sakafuni. Mmoja akapaza sauti kwamba kibanda cha video hakina mapumziko. Mwingine akasema haya ndiyo mambo ya kumpa mkimbizi kuongoza kikundi. Gervais aliyasikia hayo. Akashika kamba ya pazia, akaifungua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tendo la mwisho.

Malkia kiti cha enzi, kibakuli cha asali ya Inyonga mapajani. Mfalme akaingia akitembea kinyumenyume. Wajinga wakacheka. Wenye akili walikuwa wamekwisha kuambiana mambo kwenye mabenchi, na sasa ghala zima lilijua nani ni nani.

Kasimiri akafika mbele ya kiti. Akafumba macho. Mila haijamkataza mtu kufumba macho. Akageuka, akapiga magoti.

"Mwasiti," akasema, "nilikuhukumu kwa maneno ya watu. Niliogopa kuonekana mdogo, nikakufanya wewe uwe mdogo. Nisamehe."

Maneno hayo ni ya zamani, kila mtu aliyasoma. Lakini siku ile palikuwa na mama wawili watatu waliovuta upindo wa khanga wakajifuta macho.

Pelagia hakujifuta kitu. Akachovya kidole. Asali ikachuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono. Akakisogeza kidole polepole hadi mbele ya midomo ya mkwewe, akakiacha pale.

"Lamba," akasema.

"Mwiko!" wazee wa benchi la mbele wakainuka. "Mwiko huo!"

"Lamba!" vijana wa nyuma wakajibu. "Ni mchezo tu! Lamba!"

"Nani kasema ni mchezo? Mama yako ungemlamba?"

"Unamtaja mama yangu?"

Benchi likapinduka. Mtu akamkunja mtu shati. Gaspar alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya jukwaa, fimbo juu. Kasimiri alikuwa palepale, macho kafumba, asali inamdondokea kidevuni, wala hajui afunge mdomo au afungue.

Ndipo Theopista akainuka.

Alipanda jukwaani taratibu, mkono mmoja kiunoni, kama wanavyopanda wajawazito. Akampita baba yake bila kusema neno. Akamtoa mama yake shela kichwani, akajitanda yeye. Akachukua kibakuli.

"Ondoka hapo, mama."

Sijui ilikuwa sauti au nini, lakini Pelagia aliondoka.

Theopista akakaa kwenye kiti cha enzi. Waliokunjana mashati wakaachiana. Nyuma ya pazia Gervais aliangukia gunia, akicheka na kulia pamoja. Mke halali wa mtu! Hakuna mwiko wowote! Mfalme atailamba asali ya mke wake mwenyewe na malkia atasema neno la mwisho, "Inuka, Lubeja," maana mchezo huu haumaliziki mpaka neno hilo litamkwe. Mfalme haruhusiwi kuinuka bila hilo.

"Fumbua macho," Theopista akasema.

Kasimiri akafumbua. Alipomwona mkewe uso wote ulimlegea. Akarudia maombi yake tangu mwanzo, safari hii bila sauti ya kifalme, kama mtu anayeongea jikoni. Nadhani hayakuwa maigizo. Nadhani alikuwa anasema kweli.

Theopista alisikiliza mpaka mwisho. Akachovya kidole kwenye asali.

Akakilamba mwenyewe.

"Theopista," Kasimiri akanong'ona, "ni mimi ninayelamba."

"Najua." Akachovya tena, akalamba tena. "Nimekaa pale chini tangu mchana, Kasimiri. Nimesikia paa langu linavyovuja, mji mzima umesikia. Nimesikia miguu yangu ilivyovimba. Mama ananitupia kwako, wewe unanitupia kwa mama. Wewe kwa kiapo chako ukaniweka rehani kama mbuzi, na baba na mama wakapokea kiapo kama watu wanaopokea mbuzi. Kati yenu nyie wote, nani aliniuliza?"

"Mwanangu, mimi nakutetea," Pelagia akasema pembeni.

"Unanitetea kwa kuniaibisha?"

"Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo. Na umekuja hapa kuvunja nyumba yangu umevaa shanga." Hakulia. Alikuwa na hasira, hasira safi ya mtu aliyevumilia mno. "Na wewe, mume wangu, maneno yale matamu ulikuwa nayo siku zote. Kumbe yapo. Mbona nyumbani sijawahi kuyasikia?"

Kasimiri akanyoosha mkono kumshika upindo.

Theopista akavua shela. Akampa mama yake kibakuli mkononi. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu, na watu wakajitenga kumpa njia. Kifurushi chake alikiokota mwenyewe.

Akatoka nje.

Neno hakulisema.

Sasa ndugu zangu, tazameni hali ya huyu bwana. Kasimiri yuko magotini. Akiinuka bila kuambiwa "Inuka, Lubeja," mchezo umevunjika mbele ya mashahidi wote, kiapo kinasimama, mke hana. Akibaki magotini, mke mwenyewe anatokomea. Watu walimwona akitazama mlango, akitazama sakafu, akitazama mlango.

"Amepita lori letu!" Gaspar akapiga kelele kutoka mlangoni, fimbo imemdondoka. "Theopista! Hakupanda lori! Na wala hashiki njia ya Magamba! We mtoto, unakwenda wapi?"

"Njia gani kashika?" watu wakauliza.

"Ya stesheni!"

Kasimiri akatweta. "Mwalimu, nifanyeje?"

"Usiinuke!" Gervais akatokeza kichwa chote nje ya pazia, hakujali tena nani anamwona. "Malkia mwingine bado yupo! Aseme yeye! Mama Deo, sema neno! Neno moja tu!"

Macho yote yakahamia kwa Pelagia.

Kweli, alikuwa bado na gauni. Alikuwa bado na shanga. Kwa haki ya mchezo, malkia ni yeye. Mama akatazama mlango alikopita binti yake, akatazama kibakuli mkononi. Uso wake haukuwa wa mshindi. Lakini haukuwa wa mtu wa kusamehe pia. Akaketi kwenye kiti cha enzi, akafunga mikono juu ya kibakuli.

"Mama," Kasimiri akasema, na safari hii alimtazama mama mkwe wake moja kwa moja machoni, mji mzima ukiona. "Nakuomba. Anaondoka. Sema."

"Umemwacha aondoke wewe."

"Sote wawili tumemfukuza, mama. Sema neno nimfuate."

"Mfuate. Nani kakushika?"

Gaspar alikwishatoka mbio za kizee kuelekea barabarani, anaita jina la binti yake, na sauti yake ilizidi kwenda mbali.

Pelagia aliubana mdomo wake.

Kasimiri akaweka kiganja sakafuni. Goti moja likaachana na mbao.